Filamu imejaa chenga: anza kwa kutazama herufi za pembeni

Swali: Fundi, shikamoo. Nimeanza kusafisha filamu mwenyewe nyumbani, hapa Tanga. Nilimpiga babu picha mchana amekaa barazani, kwa HP5 Plus, filamu ya picha nyeusi na nyeupe ya milimita 35, kamera nikaiweka ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Nilisafisha kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, dakika 13 kama maelekezo yanavyosema, kwa maji ya bomba ya nyuzi 28. Picha zimejaa chenga, yaani vidoadoa, shavu la babu limekuwa kama msasa. Rafiki ananishauri nihamie filamu ya ISO 100. Nimekutumia picha ya negativu, yaani filamu yenyewe iliyosafishwa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usibadilishe filamu kwanza. Nimeikuza negativu yako nikaangalia pembeni, penye jina la filamu na namba za picha. Herufi hizo zimepigwa mwanga kiwandani, kamera yako haikuzigusa, kwa hiyo zinaeleza usafishaji peke yake. Zako zimevimba, weusi umetapakaa nje ya kingo zake. Kanzu ya babu nayo imekuwa bonge jeusi, maana kwenye negativu cheupe huonekana cheusi. Laza negativu juu ya gazeti: usipoweza kusoma maandishi kupitia hapo kwenye kanzu, imeiva kupita kiasi.

Kosa ni joto. Zile dakika 13 ni za nyuzi 20. Kila nyuzi moja inapopanda, muda hupungua kwa takriban asilimia 10, hivyo kwa nyuzi 28 filamu yako ilitaka dakika zisizofika 6. Umeipika zaidi ya mara mbili ya muda wake.

Chenga tunazoziona si punje moja moja za madini ya fedha yanayofanya picha kwenye filamu. Hizo ni ndogo mno kwa jicho. Ni punje zilizosongamana na kupandana ndani ya utando wa filamu. Dawa inapoendelea kufanya kazi, fedha huzidi kujazana, na tofauti ya weusi na weupe huongezeka, kwa hiyo kila chenga inajitokeza zaidi. Mwanga ukiwa haba pia chenga huja, ila kwa njia nyingine: vivuli hunaswa na zile punje kubwa tu zilizo nyepesi kuhisi mwanga, halafu wewe unavivuta juu kwenye skana. Hapo herufi za pembeni huwa nzuri na picha yenyewe ndiyo hafifu. Ndiyo maana nasema anza na herufi.

Safari ijayo, chukua beseni, weka barafu ndani ya mifuko iliyofungwa vizuri, simamisha humo chupa za dawa, fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) na maji ya kuoshea. Usitumbukize barafu kwenye dawa, utaipunguza nguvu. Kwetu pwani kushuka hadi nyuzi 20 ni kazi ya saa nzima, mimi huridhika na 24, na hapo muda wako ni dakika 9 hivi. Kilicho muhimu ni vyote viwe joto moja. Filamu ikitoka kwenye dawa baridi ikaingia ghafla kwenye maji ya moto, utando unaweza kukunjamana, na mikunjo hiyo watu huidhania chenga. Kutikisa nako kuwe kwa kiasi: geuza tangi mara nne katika sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, kisha liache litulie.

Ukitaka ulaini zaidi, tumia ID-11 bila kuongeza maji, dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kemikali ya salfaiti iliyomo huziyeyusha kidogo kingo za punje. Filamu za ISO 100 kama Delta 100 au T-Max 100 zina chenga ndogo kweli, ila ukizipika hivi nazo zitakuaibisha.

Negativu hizi usizitupe, sura ya mzee haipigwi mara mbili. Zima kabisa kile kipengele cha skana cha kuongeza makali, maana hunoa chenga kabla ya kunoa macho ya babu. Ukipata chumba cha giza, chapisha kwa filta laini, ya kupunguza tofauti ya weusi na weupe, namba 00 au 1, kwenye karatasi ndogo, kisha ongeza mwanga mahali pa kanzu tu, kidogo kidogo, mpaka mikunjo ya kitambaa ianze kuonekana.