Mdogo wangu wa Himbi, hiyo pilipili isiingie kwenye hizo chupa

Simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Unasema una gunia zima la vyombo vidogo vitupu: chupa za mayonezi na za jamu, vikopo vya tomati, makopo ya Blue Band, vikombe vya yaurti, vichupa vya dawa. Unauliza uvifanyie nini nyumbani, watoto wachezee nini, na uvipambe vipi kwa arusi ya dada yako. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi, ukaandika kwamba chupa 60 umekwisha kuzichemsha, na Jumamosi unazijaza pilipili ya mafuta uuze dola 2 kila moja. Watu wamekujibu "wazo zuri sana", "Mungu akubariki", "niwekee mbili". Hakuna hata mmoja aliyekuuliza juu ya vifuniko.

Basi mimi nakuuliza. Vifuniko umevitoa wapi?

Usijibu, najua. Ni vile vile vilivyokuja na chupa. Hata mimi nilikuwa na vile vile.

Mwaka 2018 niliingia semina ya siku mbili hapa Goma, ya kuwafundisha akina mama biashara ndogo ndogo. Dola 15 mlangoni, ndani yake soda moja na biskuti mbili. Bwana aliyetufundisha alivaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na wewe unajua vumbi letu: ukiona mtu wa Goma ana viatu vya namna hiyo, hajatembea kwa miguu tangu wiki iliyopita. Akainua chupa ya mayonezi juu kama padri anayeinua kikombe, akasema, "Mama, huu ni mtaji unaoutupa!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mimi, kwa kihere­here changu, nikauliza: na vifuniko je? Akacheka. "Chemsha tu, mama. Maji ya moto yanafanya kila kitu kuwa kipya." Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari chini. Daftari bado ninalo, na mstari upo. Siku nikikutana naye njiani nitamwomba aniletee nyumbani kifuniko kimoja tu alichokifanya kipya. Yule bwana hajawahi kumenya hata punje ya vitunguu saumu maishani mwake, naapa.

Nilikusanya kwa miezi mitatu. Jirani, shemeji, mama wa kantini ya shule, wote niliwaomba. Nikafikisha chupa 119. Siku ya kujaza, 9 zilipasuka mezani kwa sababu nilizisuuza na maji baridi, nikamimina pilipili ikitoka motoni. Hilo ni kosa la mtoto wa shule na sitalizungumza zaidi. Zikabaki 110.

Sasa geuza kifuniko cha chupa yako ya jamu, uangalie ndani, pale ukingoni. Kuna duara laini mfano wa mpira. Kiwandani, joto hulainisha lile duara, linakumbatia mdomo wa chupa. Kikipoa, hewa iliyo juu ya jamu inanywea, kifuniko kinavutwa chini na kubana. Ndiyo maana katikati pamebonyea, na siku ya kwanza ukifungua panasema "tok". Ile "tok" ndiyo uliyoinunua. Ukishaisikia, imekwenda. Pitisha ukucha kwenye duara, utaona mdomo wa chupa umeacha mfereji wake. Ukifunga tena, mdomo haurudi kwenye mfereji ule ule, unakaa pembeni kidogo, na hapo ndipo mafuta yanapotokea. Mafuta hayahitaji mlango, yanahitaji uwazi wa unywele tu. Kuchemsha kunaua wadudu wa juu juu, lakini mfereji haufutiki hata uchemshe kwa gunia zima la makala, yaani makaa ya moto.

Na zile za plastiki ndiyo usiniambie. Tazama chini ya chupa, kuna pembetatu yenye namba. Namba 1, ambayo ndiyo chupa ya maji na chupa nyingi za mafuta ya kupikia, inaanza kulegea ikifika digrii 70 na kitu. Pilipili inayochemka kwenye mafuta imepita hapo zamani. Chupa zangu zilikunjamana kama uso wa bibi aliyeonja ndimu. Unajua nilifanya nini? Nilizinyoosha kwa mkono, nikabandika etiketi mahali palipokunjamana. Cheka tu. Baba watoto alicheka wiki mbili.

Chupa 96 nikazipanga kwenye kartoni nne, 24 kila moja, nikazipakia boti ya kwenda Bukavu. Kulikuwa na mama mmoja wa duka upande wa Nyawera aliyeahidi kuchukua zote. Dola 192! Usiku ule nilikwisha kuzigawa kichwani: ada ya shule, deni la kikoba, hata kitenge. Ziwa lilikuwa na mawimbi kidogo, si makubwa, yale ya kawaida. Kartoni zangu waliziweka juu ya mizigo ya watu.

Asubuhi simu inalia. Kijana wa kwenye boti: "Mama, makartoni yako iko inatoka damu!"

Ilikuwa mawese na pilipili, lakini kwa mtu aliyetoka usingizini ni damu. Chini ya kartoni zangu kulikuwa na valizi, na ndani ya valizi kulikuwa na kostimu, yaani suti, ya rangi ya maziwa, na mwenye kostimu alikuwa bwana arusi wa Jumamosi ile ile. Mdogo wangu, kati ya mizigo yote ya ziwa Kivu, kati ya sambaza na maharagwe na ndizi na magodoro, pilipili yangu ilimchagua bwana arusi. Mawese hayatoki kwenye nguo ya rangi ile. Sabuni ya nani? Nililipa dola 90, kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho nilimkabidhi akiwa tayari ana mtoto. Arusi alifunga na kostimu ya mjomba wake, mikono inaishia karibu na viwiko. Picha nimeonyeshwa. Sikucheka. Nilitaka, lakini sikucheka.

Mama wa Nyawera alihesabu 31 zilizovuja. Nilidhani atachukua zile 65 zilizobaki. Alifungua moja, hakuonja hata pilipili yenyewe, alinusa kifuniko tu. "Mama, hii bado ni mayonezi." Kweli. Lile duara na kila kifuniko cha plastiki vinanyonya harufu, na harufu haisikii sabuni. Hakuchukua hata moja.

Tupige hesabu pamoja kwa kuwa wewe umeandika tu utakachopata. Semina 15. Pilipili, mafuta, vitunguu, saumu 62. Kartoni na boti 14. Kostimu 90. Jumla dola 181, na makala sikuyahesabu. Kilichoingia: sifuri. Yaani hata soda ya semina niliinunua mwenyewe.

Ungesema basi yameisha. Zile 14 nilizobakiza nyumbani nilizipanga chini ya kitanda, na baada ya siku kumi hivi zikaanza kutoa povu. Usiku wa manane kopo moja la plastiki likarusha kifuniko, kikapiga bati la dari, paa! Wewe unaishi mji huu huu, unajua mlio wa usiku huku kwetu watu wanaufasiri vipi. Kabla sijafungua macho baba watoto alikuwa chini sakafuni na watoto wawili kwapani. Tukalala kifudifudi labda nusu saa, kimya, tukingoja mlio wa pili. Wa pili ukaja, ukafuatwa na harufu ya saumu. Tangu siku hiyo mume wangu akiona nimeshika chupa tupu anauliza kwa heshima kabisa, "Mama, hii ina silaha?"

Ndugu yetu mmoja aliyesomea mambo ya vyakula ndiye aliyenieleza, na hapo nikaacha utani. Povu, alisema, ni bahati yangu, maana povu linaonekana. Saumu mbichi iliyofunikwa na mafuta bila siki wala ndimu ya kutosha inaweza kuzaa sumu ya botulizimu, isiyo na povu, isiyo na harufu, na inayoua. Mbegu za mdudu anayetoa sumu hiyo hazifi kwa maji yanayochemka. Tena hapa kwetu, mita kama 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hata ile 100 ya vitabuni hatuifikii. Anachokiogopa yule mdudu ni ukali wa siki: watu wa viwanda wanapima, na namba kwenye kipimo chao cha uchachu (pH) lazima iwe chini ya 4.6, maana namba ikishuka ndipo ukali unazidi. Nikamuuliza, ndimu mbili kwa sufuria zinatosha? Akaniangalia tu. Kwa hiyo ile pilipili ya nyumbani, pika kidogo, weka kwenye frigo kama una frigo na umeme upo, maliza ndani ya siku chache. Ya kuuza na kukaa dukani miezi ni kazi ya vifuniko vipya, siki, na mtu anayejua kupima. Mimi na wewe hatupimi, tunaonja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nimeilipia dola 181: chombo kilichokwisha kutumika kinapokea kikavu tu. Kikavu! Chumvi, sukari, majani ya chai, maharagwe ya mbegu, vifungo, misumari, sindano. Kitu chenye maji au mafuta, hapana. Na kanuni hiyo hiyo inakukinga na ubaya mwingine ambao sitaki hata kuuandika kwa urefu: petroli ya taa au maji ya kufulia kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi, anaona soda. Na akinywa petroli usimtapishe, inarudi kuingia mapafuni. Mbebe moja kwa moja hospitalini.

Ulichouliza ni nini tena? Watoto. Kopo la sardini, vifuniko vinne, waya, na kijana wako atakutengenezea chukudu (ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo) au kamioneti bila kukuuliza, usimfundishe, utamharibia. Vikopo vya tomati na vikombe vya yaurti toboa chini kwa msumari, tia udongo, panda mbegu. Sisi tuliojenga juu ya mawe ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 2002 hatuna bustani nyingine, na mimi mche wangu wa lengalenga (mchicha) umeanzia kwenye kikombe cha yaurti dirishani. Makopo ya Blue Band ni ya vikavu, nimekwisha kusema. Vichupa vya dawa toa etiketi yote kabla ya kutia chochote, na wala usitie kitu cha kula.

Mapambo ya arusi sijui. Labda wengine watakusaidia, mimi na arusi tulikosana.

Ila pilipili uliyokwisha kununua usiitupe. Pasua, ianike juu ya bati mpaka ukiikunja inavunjika kwa mlio, si inapinda. Isage ikiwa kavu hivyo, na hapo ndipo utie kwenye zile chupa 60, na kwa unga hata kifuniko cha mayonezi kitavumilika, ukikiacha kwanza juani siku tatu nne kipungue harufu. Huku kwetu mvua haina ahadi, basi mwachie mtoto mmoja kazi ya kuangalia mawingu.