Makava ya taa za ukutani: yaangalie taa ikiwa inawaka

Mkuu, nimesoma swali lako. Una taa sita za ukutani, nne sebuleni na mbili korido, balbu ziko wazi na zinaumiza macho, na unataka kujua uweke makava ya kitambaa au ya kioo, na ukubwa gani. Nitakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe. Kazi hii nimeifanya mara mbili, ya kwanza nikakosea, ya pili nikapatia, na tofauti yake naiona kila jioni nikikaa sebuleni.

Mara ya kwanza nilichagua kwa rangi. Mapazia yangu yalikuwa ya kijani iliyokolea, nikatafuta makava ya kijani ile ile, nikayavalisha mchana, nikapendezwa kweli. Jua lilipozama nikawasha. Kitambaa kilikuwa kizito, hakipitishi kitu, na ndani kilikuwa na bitana nyeusi. Mwanga ukawa unatoka juu na chini tu, pande zote nyingine giza. Mtu aliyekaa kwenye kochi ulikuwa humwoni uso vizuri. Kilichoniuma zaidi ni ukuta wenyewe. Mwanga unaoshuka kwa kulamba ukuta huanika kila kovu la plasta: pale fundi aliposawazisha kwa haraka, tundu la msumari lililozibwa, hadi michirizi ya brashi ya rangi. Mchana ukuta huo huo ulikuwa shwari kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa, ni huu: usinunue kava kwa kulitazama likiwa limezimwa. Omba liwashwe. Kama haliwezi kuwashwa, washa tochi ya simu, iingize ndani ya kava, usogee nalo kwenye kona yenye kiza kidogo. Hapo utaliona jinsi lilivyo. Nilifanya hivyo mara ya pili nikiwa na makava mawili meupe ambayo kwa macho ya kawaida yalikuwa pacha. La kwanza lilipopata mwanga likaonyesha mshono mnene kama kamba uliokatiza mbele, na madoa ya gundi kuzunguka ukingo wa juu. La pili lilikuwa la kitani. Nyuzi zake nene na nyembamba zilijitokeza moja moja, mwanga ukasambaa sawasawa, na mshono ulikuwa umewekwa nyuma, upande unaogusa ukuta. Nikachukua hilo la pili.

Angalia bitana pia, watu wengi huisahau. Kava jeusi kwa nje lenye bitana ya dhahabu ndani hurudisha mwanga wa joto juu na chini, linafaa kama unataka kupamba ukuta na chumba kina taa nyingine ya kutosha. Bitana nyeupe huvuna mwanga mwingi zaidi. Kitambaa chekundu kisicho na bitana hupaka wekundu ukuta mzima na nyuso za watu. Mimi sikipendi kabisa mahali pa kukaa. Kwa sebule ambayo taa za ukutani ndizo zinazotegemewa jioni, chukua nyeupe, rangi ya maziwa, au ya mchanga mwepesi, kitambaa kinachopitisha mwanga. Ukuta wenye makovu nao utakushukuru, kwa sababu mwanga ukipita kwenye kitambaa kwanza unakuwa laini na haukwaruzi.

Umbo nalo lina kazi yake. Kava la bomba, juu na chini sawa, hutoa mwanga unaolingana juu na chini. Lililo jembamba juu na pana chini hushusha mwanga mwingi, kwa hiyo ni zuri pembeni mwa kiti cha kusomea. Ukilipindua, mwanga unakwenda darini na dari huonekana iko juu zaidi.

Sasa ukubwa. Hapa usibahatishe. Kava lazima lifiche balbu na holda (kishikio kinachobeba balbu) kwa mtu aliyekaa na kwa mtu aliyesimama. Watu hujaribu wakiwa wamesimama tu, kisha wakikaa kwenye kochi wanaiona balbu kwa chini, ikiwachoma macho. Taa nyingi za ukutani hufungwa kati ya sentimita 150 na 170 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho, kwa hiyo tofauti ya sentimita chache inatosha kukuharibia. Kama taa iko kwenye ngazi, iangalie pia kutoka juu na kutoka chini.

Mimi nilikata karatasi ngumu, nikaikunja kwa umbo nililolitaka, nikaishikilia mbele ya taa (imezimwa, karatasi na balbu ya moto si marafiki), nikamwomba mtu wa nyumbani akae, asimame, apite. Dakika kumi tu. Niligundua kwamba kava nililokuwa nimelipania lilikuwa fupi kwa karibu sentimita tatu. Ukishapata umbo, andika vipimo vinne: upana wa juu, upana wa chini, kimo, na umbali kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele. Hicho cha nne ndicho muhimu korido. Kava la duara kamili likijitokeza mno, kila anayepita na mzigo atalipiga bega, na baada ya mwezi limepinda. Kwa korido nyembamba tafuta nusu kava, lile ambalo nyuma liko wazi na ukuta ndio unakamilisha. Lakini litazame kutoka ubavuni, maana likikaa mbali na ukuta hata kidogo, balbu inachungulia, na korido ndiko watu wanakotokea ubavuni.

Kabla ya kulipa, fahamu holda yako. Zilizozoeleka ni E27, ya kuzungusha, ambayo kitako cha balbu kina milimita 27. E14, ndogo yake, milimita 14. Na B22, ya pini mbili, milimita 22. Pete ya kava, ile inayokaa kwenye holda, hufuata holda: ya E27 huwa na tundu la karibu milimita 40, ya B22 karibu 29. Kava lenye tundu kubwa unaweza kulitumia kwenye holda ndogo kwa kuweka pete ya kupunguzia, lakini lenye tundu dogo halitaingia kwenye holda kubwa, na usilitanue kwa koleo. Yapo pia yanayobana kwenye balbu yenyewe kwa klipu. Hayo nayapenda kidogo sana, hulegea na kuinama, na klipu iliyotengenezwa kwa balbu ya umbo la mshumaa haishiki vizuri balbu ya duara.

Balbu: soma kibandiko kwenye taa kinachotaja wati za juu kabisa na usizipite. Balbu ya zamani ya waya hugeuza sehemu kubwa sana ya umeme kuwa joto, na kitambaa kilicho karibu nayo hugeuka kahawia kisha kinakatika kikiguswa. Weka LED. Ya wati 8 au 9 hutoa karibu lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), sawa na ile ya zamani ya wati 60. Kwa taa nne sebuleni, nyuma ya kitambaa chepesi, hata za lumeni 450 zitakutosha. Chagua Kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni ya manjano, kubwa ni nyeupe ya kibuluu). Ukiweka ya 6500, kitani kizuri kitaonekana kama karatasi ya ofisini. LED nayo huchukia kufungiwa kwenye kava dogo lisilo na pa kupumulia, vifaa vyake vya ndani huchoka mapema kwa joto, kwa hiyo acha uwazi juu au chini.

Kioo cha rangi ya maziwa ni kizuri pale panapopata mikono na unyevu, kwa sababu unakifuta tu. Kioo angavu sikushauri, kitakurudisha kwenye balbu yako inayoumiza macho. Kitambaa kisafishe kwa brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini. Kilichogandishwa kwa gundi usikiloweshe, kitabanduka kwenye fremu.

Kwa hiyo kwako: sebule, kitani cheupe, bomba au pana kidogo chini, bitana nyeupe. Korido, nusu kava la kioo cha maziwa kama watoto wanapitapita hapo, la kitambaa kama hawapo. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujagusa holda. Ukishapima, weka hapa upana wa korido na umbali kutoka ukutani hadi katikati ya balbu, pamoja na aina ya holda, nitakuambia kava la kina gani litapita bila kugongwa.