Shangazi, Salem kuna wachawi kweli?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Lowell, Massachusetts, mwaka wa sita sasa. Shemeji yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na kitu cha kwanza alichoomba ni kupelekwa Salem, kwenye ule mji wa wachawi, ameona video zake huko. Mama kusikia kwenye simu akaja juu, mjukuu wake wa miaka 7 asikanyage huko, atarudi na vitu. Mume wangu anacheka tu. Huko kuna nini hasa, na mtoto niende naye au nimwache?
– Mama Wawili, Lowell

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mpe salamu, mwambie waliosumbua Salem mwaka 1692 ni majirani, wachawi hawakuwepo. Leo ndo wapo wanaojiita wachawi kwa hiari yao, wana maduka ya mishumaa na mawe ya rangi, wanakutabiria kwa karata ukilipa, basi.

Mimi nilipelekwa na wifi yangu, na kosa letu tulienda na gari, Jumamosi, Oktoba. Mji una wakazi hawafiki 45,000 alafu mwezi huo mmoja wanaingia wageni zaidi ya milioni, tulizunguka kutafuta parking mpaka chapati nilizofunga kwa ajili ya mchana zikaishia humohumo ndani ya gari, na bado tukaja kukuta karatasi ya faini kwenye kioo. Wewe panda treni. Ya Lowell inaishia North Station pale Boston, hapohapo unabadilisha, nusu saa uko Salem.

Sasa kisa chenyewe. Mtoto wa mchungaji Samuel Parris, miaka 9, na binamu yake wa miaka 11, walianza kupiga kelele na kujinyonganyonga, daktari akaangalia akasema hawa wamerogwa. Jirani mmoja akashauri itengenezwe keki ya unga na mkojo wa wale watoto apewe mbwa ili mchawi ajulikane, na ikatengenezwa kweli, kwa hiyo yule anayedhani waganga ni sisi tu akae chini atulie. Watoto wakabanwa wataje majina. Wa kwanza kutajwa walikuwa watatu: Tituba, mtumwa wa humohumo nyumbani kwa mchungaji, Sarah Good, omba omba ambaye ukimnyima anaondoka ananung'unika, na Sarah Osborne, aliyekuwa na ugomvi wa mali ya urithi. Ukiwaangalia hao watatu, maskini, mgeni asiye na mtu wa kumsemea, na mama aliyegombania mali ya urithi, we mwenyewe unajua hadithi inaelekea wapi.

Kilichonishangaza zaidi ni ushahidi. Mtu anasimama mahakamani anasema usiku nimemuona fulani, kivuli chake kimenikalia kifuani nashindwa kupumua, na jaji anaandika. Hilo si jinamizi jamani? Nani hajakabwa na jinamizi? Waliokuwa Unguja na Pemba mwaka 1995 enzi za popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku, wananielewa, maana watu walikuwa wanalala nje kundi zima. Tofauti ni kwamba Salem jinamizi la mtu lilikubaliwa kama ushahidi, Bridget Bishop akanyongwa tarehe 10 Juni, na kufika Septemba walishanyongwa 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, wa miaka kama 80, alikataa kujibu mashtaka, wakamlaza chini ya ubao wakawa wanampangia mawe juu yake, siku kama mbili, mpaka akafa. Na ukikiri hunyongwi! Tituba alikiri akapona, aliyekataa katakata kuwa ni mchawi ndo anapandishwa kamba. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, juri walishamwachia, wasichana wakapiga ukunga, juri wakarudishwa kufikiria tena, akaulizwa swali hakujibu kwa sababu masikio yalikuwa mazito, ikawa ndo basi tena.

Kuhusu mtoto. Salem Witch Museum ni jumba kama kanisa (na lilikuwa kanisa kweli), unakaa gizani masanamu yanamulikwa moja moja na sauti nzito inasimulia, wa miaka 7 anaweza asilale usiku, huyo mwache nje na baba yake. Hapo nje kuna sanamu ya mtu wa joho na kofia kubwa, kila mgeni anapiga picha akidhani mchawi, kumbe ni Roger Conant, mwanzilishi wa mji, hana hili wala lile. Tiketi kateni mapema. The Witch House mnaweza kwenda wote, ni nyumba ya jaji Jonathan Corwin, nyeusi tii, ndo jengo pekee lililobaki pale Salem lenye uhusiano wa moja kwa moja na zile kesi. Zile nyumba za kutisha zenye watu wa kujipaka damu ya bandia achaneni nazo, hela bure.

Ila msiondoke bila kwenda Proctor's Ledge, pale waliponyongewa, palithibitishwa 2016 tu. Ni nyuma ya duka la dawa, kwenye mtaa wa nyumba za watu, ukuta mdogo wa mawe una majina 19. Tulikuwa sisi wawili tu na mtu anatoa takataka zake.

Na shemeji wa Tanga mpeleke Peabody Essex Museum, mizizi yake ni chama cha manahodha cha mwaka 1799. Unajua kile kitambaa cha pamba kigumu, bibi zetu walikiita merikani? Kililetwa Unguja na meli za Salem, zinarudi na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu wa kutengenezea vanishi, na konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Nawe uko Lowell, mji wa viwanda vya pamba, kwa hiyo mama akiuliza tena mwambie mmeenda kwa watu wa merikani.

SWALI: Shangazi, si walichomwa moto hao?
– Kijana wa Kisauni

JIBU: Hapana. Ulaya ndo walichomwa wengi. Salem ilikuwa sheria ya Kiingereza, kamba.

SWALI: Shangazi mimi sijapenda. Kwetu Shinyanga bibi zetu wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho mekundu, macho ya moshi tu wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka na miaka. Leo watu wanalipa dola kwenda kuvaa kofia ndefu wapige picha walipouliwa wabibi wa wenzao?
– Msomaji, Shinyanga

JIBU: Mwanangu sikupingi. Nilipoona gari la polisi wa Salem lina picha ya mchawi kwenye ufagio nilisimama nikasema haya, hawa nao. Dorothy, mtoto wa yule Sarah Good, alikuwa na miaka minne au mitano, alifungwa minyororo jela karibu miezi minane. Kofia hapo inaingiaje?

Lakini kuna upande mwingine pia. Aliyebaki wa mwisho kusafishwa jina, Elizabeth Johnson, amesafishwa 2022, na waliohangaika mpaka sheria ikapita ni wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao. Na mwaka 1992 waliweka ukumbusho pembeni ya makaburi ya zamani, mabenchi 20 ya mawe (wale 19 walionyongwa na Mzee Corey) yametokeza ukutani, kila moja jina na tarehe. Pale unapoingilia wamechonga chini maneno ya wale watu wakisema sina hatia, sijui lolote, na unayakanyaga ukiingia. Sentensi zinafika kwenye ukuta zinakatika katikati. Wifi aliinama kutafuta mwendelezo upande wa pili, haupo.