Fimbo nyuma ya mlango

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mkubwa. Mke wangu ametangulia mbele ya haki. Tuliishi miaka 31, tukajaaliwa watoto 4. Hapa kwenye shehia yetu alikuwa akijitolea kugawa dawa za kichocho nyumba kwa nyumba, na usiku akiitwa kuosha maiti za wanawake. Wanangu wanakuja kutoka Unguja kwa hitima, wameniomba niandike maneno machache juu ya mama yao. Kila nikishika kalamu naandika "alikuwa mpole, mcha Mungu, mkarimu", kisha naichana karatasi. Fimbo yake ya kupimia watoto bado ipo nyuma ya mlango. Siwezi kuiondoa, siwezi kuitazama. Nifanyeje?
Mgane, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, kaka yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu, akupe na wewe subira.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesita penye hiyo fimbo. Anzia hapo. Mpole na mkarimu tunawaita marehemu wote, ndiyo maana karatasi unazichana. Fimbo ni yake. Waeleze wajukuu kazi ya fimbo hiyo: mtoto anasimamishwa ubavuni mwake, na kimo chake ndicho kinachosema ameze vidonge vingapi. Dawa ile ikimkuta mtoto hajala humchafua roho. Sasa waulize majirani: mkeo alifanyaje alipomkuta mtoto ana njaa? Jibu watakalokupa liandike kwa maneno yao hayo hayo, kwa Kipemba chao, usiyanyooshe.

Mama yangu mzazi naye alikuwa mwoshaji. Akirudi alfajiri ananukia karafuu maiti, na mimi mtoto nikimkimbia. Sikumuuliza hata siku moja ametoka kumwosha nani. Alipofariki ndipo wanawake wakaanza kuja barazani, mmoja mmoja. Mmoja aliniambia mama alipomwosha bibi yake alikuwa akimsemesha kama mtu aliye hai: "Nipe mkono, bibi. Haya, tugeuke." Na maji aliyapasha moto kwanza, kwa sababu bibi yule maishani mwake hakupenda maji baridi. Miaka 40 nimekaa na mama yangu, hilo sikulijua. Basi nenda kwa wafiwa aliowaoshea watu wao. Wasipotaka kusema waache, kuna ya maiti yasiyosemwa, na mkeo angekuwa wa mwanzo kuyafunika.

Na kama kuna usiku ulinung'unika kwa sababu yuko kwa watu na wewe hujala, liandike na hilo. Wanao walikuwemo nyumbani, walisikia.

Usizidishe karatasi moja. Hitima ni ya kisomo na dua, na dua ya mtoto mwema ni katika yale matatu yasiyokatika mtu akishakufa. Soma yako kabla ya dua, wanao wajue wanamuombea nani.

Fimbo usiitoe kwa kuwa watu wamekwambia uitoe. Lakini atakayeshika kazi yake ataihitaji, na nadhani mwenyewe angetaka iende. Kabla ya hapo itoe nyuma ya mlango uitazame juani, polepole, kutoka chini hadi juu. Huenda aliwapima nayo na watoto wenu. Ukikuta alama nne za kalamu, mpigie simu mwanao mkubwa siku hiyo hiyo.