Seli za mtoaji mwilini mwa mgonjwa: maswali yenu kuhusu upandikizaji wa seli shina

Barua nyingi za mara hii zinazunguka jambo moja: seli za kinga za mtoaji hufanya nini zikishaingia kwa mgonjwa? Nimezifupisha, maana baadhi zilikuwa ndefu na zenye uchungu mwingi.

Shikamoo daktari. Nilimtolea kaka yangu seli shina kwa sababu ya saratani ya damu. Vipimo vilionyesha tunalingana kabisa. Wiki ya nne akatoka vipele viganjani, kisha akaanza kuhara. Wanasema ni seli zangu. Je, nimemuumiza?

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, na naomba uuondoe mzigo huo moyoni.

Mfuko uliotoka kwako haukuwa na seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe zote za damu, peke yake. Zilikuwamo pia seli T zako zilizokomaa, seli za kinga ambazo kazi yake ni kukagua kila seli mwilini na kushambulia isiyo ya kwao. Zikiwa kwa kaka yako, ngozi yake, utumbo wake na ini lake ndivyo vinavyoonekana vigeni. Ugonjwa huo wodini huitwa GVHD.

Mlilinganishwa kwa alama za HLA, yaani protini za juu ya seli ambazo kinga huzitumia kutambua kilicho chake na kigeni, na ambazo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Lakini ziko protini nyingine nyingi ambazo hutofautiana hata kwa ndugu waliolingana HLA. Kwenu ninyi kuna jambo la ziada: kaka yako ana kromosomu Y, ya kiume, ambayo wewe dada yake huna, na seli zako hazijazoea protini zake. Ndiyo maana dada akimtolea kaka hatari hupanda kiasi, hasa dada akiwa amewahi kubeba mimba. Madaktari hulijua hilo tangu mwanzo, na bado dada anayelingana ni mtoaji mzuri sana.

Utaona wauguzi wakipima choo chake kwa mililita. Kwa mtu mzima, kuhara kuanzia mililita 500 kwa siku ndipo utumbo unapohesabiwa kuwa umeguswa na GVHD. Basi asimwage choo kabla hakijapimwa, hata akiona aibu. Matibabu huanza na steroidi, dawa za kutuliza kinga. Zikishindwa zipo dawa nyingine, mojawapo ruxolitinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa hali hiyo.

Kama seli T ndizo zinazoleta madhara, kwa nini zisichujwe zote kabla ya kumpa mgonjwa?

Swali hili ndilo kiini cha tiba yote hii, na lilishajaribiwa. Miaka ya 1980 vituo kadhaa vilichuja seli T, na GVHD ikapungua sana. Ila mapandikizi mengi zaidi yakashindwa kushika, na saratani ikarudi kwa wagonjwa wengi zaidi, hasa wenye lukemia sugu ya mailoidi, aina mojawapo ya saratani ya damu.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa mapacha wa kufanana. Mtu akitolewa seli na pacha wake, mtu angedhani hakuna bora kuliko hapo, kwa kuwa seli hazina cha kumshambulia. Lakini uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 2,000 uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba lukemia ilirudi zaidi kwa waliotolewa na mapacha, na ilirudi mara chache zaidi kwa wale waliopata GVHD. Seli zilezile zilizokuwa zikiwasha ngozi ndizo zilizokuwa zikisaka mabaki ya saratani ambayo kemo na mionzi viliyaacha.

Mwaka huohuo Hans-Jochem Kolb na wenzake mjini Munich walieleza habari za wagonjwa watatu ambao lukemia yao ilirudi baada ya kupandikizwa. Waliwapa limfosaiti za watoaji wao, yaani chembe nyeupe za kinga zikiwemo seli T, pamoja na interferoni, dawa ya kuamsha kinga, na ugonjwa ukatoweka kwenye vipimo. Mimi huona hapo ndipo hoja ilipokwisha: seli za kinga za mtoaji ni dawa kamili, yenye kipimo chake na sumu yake. Hadi leo mgonjwa ambaye saratani inarudi anaweza kuongezewa limfosaiti, mara nyingi kwa dozi ndogo zinazopandishwa polepole.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni kuchagua, si kufagia. Wapo wanaoondoa aina fulani tu za seli T na kuacha nyingine pamoja na seli NK, seli nyingine za kinga zinazoua seli zenye kasoro. Kundi la Perugia, Italia, lilianza kutanguliza seli T zile zinazotuliza kinga, kisha siku chache baadaye zikafuata za kawaida, na mwaka 2011 likachapisha matokeo yenye kutia moyo.

Mtoto wetu ana lukemia na hana ndugu anayelingana naye. Wamesema baba yake, anayelingana nusu, anaweza kutoa. Nusu inatosha kweli?

Siku hizi inatosha. Zamani seli T za baba zingeamka dhidi ya ile nusu ngeni na kufanya uharibifu mkubwa. Madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, waliendeleza njia ya kutoa dawa ya siklofosfamaidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza. Kufikia hapo, seli zilizokasirika zinagawanyika kwa kasi, na dawa huzipiga hizo zaidi. Seli shina hunusurika kwa sababu zina kimeng'enya kingi kinachoivunja dawa hiyo. Zinazobaki, zikiwemo zile za kutuliza, husaidia kuweka amani.

Siku hizo mbili tatu za kwanza mtoto anaweza kupanda homa kali. Mara nyingi ni seli T zinaamka, ingawa madaktari watamtibu kama mwenye maambukizi mpaka wahakikishe, na wana haki.

Mwanangu ana selimundu, si saratani. Naye anahitaji seli za kushambulia?

Hapana. Kwake hakuna saratani ya kusakwa, kwa hiyo GVHD ni hasara tupu. Dawa za kutuliza kinga hutolewa kwa muda wa kutosha, na msizikatishe kwa sababu tu anaonekana mzima. Habari njema ni kwamba uloto wake, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hauhitaji kuwa wa mtoaji wote. Takribani asilimia 20 ya seli za mtoaji hutosha kuzuia dalili, kwa kuwa chembe nyekundu za mtoaji huishi miezi kadhaa ilhali za selimundu hufa ndani ya siku 10 hadi 20.

Shangazi alirudishiwa seli zake mwenyewe kwa ajili ya mailoma, saratani ya uloto. Haya yanamhusu?

Machache tu. Anayepokea seli zake hapati vita hivyo wala faida yake. Kinachopiga ugonjwa ni kemo kali, na seli zinarudishwa kuokoa uloto. Tahadhari za maambukizi na chanjo zinamhusu.

Chembe nyeupe aina ya nyutrofili za mume wangu, aliyetolewa seli na nduguye, zimepita 500 na anataka kurudi kazini. Si amepona?

Nyutrofili zikipita 500 kwa mikrolita siku tatu mfululizo, tunasema pandikizi limeshika. Hizo hupambana na bakteria na kuvu. Seli NK hurudi wiki chache za mwanzo. Seli T, na seli B zinazotengeneza kingamwili, huchukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, na mtu mzima huchelewa kuliko mtoto kwa sababu tezi ya thaimasi, ambamo seli T hukomaa, husinyaa kwa umri. Ndiyo maana bado anapimwa virusi vya saitomegalo na kupewa dawa ya kuzuia mkanda wa jeshi. Kinga ya chanjo za utotoni hufifia. Chanjo zisizo hai huanza upya kuanzia karibu mwezi wa sita. Zilizo hai, kama ya surua, husubiri angalau miaka miwili, tena awe hana GVHD na hatumii dawa za kutuliza kinga. Kazini atarudi, dada, lakini si kwa namba hiyo moja.

Sisi ndugu tulitaka kumchangia mgonjwa wetu damu, tukaambiwa lazima ipigwe mionzi. Mbona?

Kwa sababu damu mliyotoa ina limfosaiti hai. Mgonjwa hana nguvu ya kuziua, na za ndugu ni hatari zaidi kwa kuwa kufanana kwenu huzificha. Zikitia mizizi hushambulia hadi uloto, na wengi wanaopatwa na hali hiyo hufariki. Mionzi ya angalau gray 25 (gray ni kipimo cha mionzi) huzizuia kugawanyika, na chembe nyekundu huendelea kufanya kazi. Akilazwa hospitali nyingine yoyote, semeni mapema kwamba amepandikizwa, na muulize kama mfuko umepigwa mionzi kabla haujatundikwa.