Zahanati 20, vipimo kila miezi 3: niweke ICC moja au niiache ipungue?

SWALI: Habari za kazi. Nasoma mastaz ya afya ya jamii, mradi wetu una zahanati 20 na huduma mpya ya presha inaingia kwa zamu, kila miezi 3 zinaanza zahanati 5 na zamu tumepanga kwa kura. Kila duru tunapima presha wagonjwa wapya, duru ziko 5. Msimamizi wangu anasema niweke ICC moja basi (ile namba inayoonyesha wagonjwa wa zahanati moja wanafanana kiasi gani), rafiki yangu wa takwimu anasema niiruhusu ipungue kadiri muda unavyokwenda. Au nijaribu zote halafu nichukue yenye thamani ya p nzuri (p ndogo, inayoonyesha matokeo si ya bahati tu)? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hilo la mwisho usilifanye kabisa, tafadhali. Modeli unaichagua na kuiandika kwenye protokali (mpango wa utafiti) kabla hujaona matokeo, ukichagua baada ya kuona p basi hiyo p haina maana tena.

Kwa mradi wako mimi niko na rafiki yako. Msimamizi ana hoja yake, manake ungepima mara moja tu namba moja ingetosha: watu 50 kila zahanati, ICC 0.02, unapiga 1 + 49 × 0.02 unapata 1.98, yaani unahitaji karibu watu mara mbili ya jaribio la kawaida la kugawa mtu mmoja mmoja. Ila wewe unapima mwaka mzima. Modeli ya Hussey na Hughes ya 2007, ambayo wengi wanaianzia, inachukulia kwamba mgonjwa wa Januari na wa Desemba wa zahanati moja wanafanana sawasawa na wawili waliopimwa wiki moja. Sasa fikiria hapo katikati nesi kahamishwa, mashine ya presha imebadilishwa, dawa zilikatika miezi miwili, kweli bado wanafanana vile vile?

Ukiruhusu ipungue inakuwa hivi, tuseme: ndani ya duru ICC ni 0.05, duru inayofuata 0.04, halafu 0.032, 0.0256, mpaka 0.0205 kwa duru za mwanzo na mwisho, kila hatua unazidisha kwa 0.8. Kama ukweli ndio huo na wewe umeweka namba moja, standadi era (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa jibu lako) mara nyingi inatoka ndogo kuliko inavyopaswa na unatangaza huduma inafanya kazi wakati ushahidi hautoshi. Kwako hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kila zahanati inalinganishwa na yenyewe ya zamani. Lile jaribio la vyandarua la Misungwi, Mwanza, lilikuwa na klasta (makundi, kama zahanati zako) 84 na aina nne za vyandarua, watoto wakapimwa malaria baada ya miezi 12, 18 na 24, lakini pale kila klasta ilibaki na aina yake tangu mwanzo, kwa hiyo unalinganisha klasta na klasta kwa wakati ule ule. Kwako ulinganisho wa namna hiyo ni sehemu tu.

Wagonjwa wako ni wapya kila duru, kwa hiyo korelesheni (kufanana kwa vipimo) ya mtu na yeye mwenyewe haikuhusu.

Kwa duru 5 modeli ya kupungua inaweza kugoma kukonveji, yaani kompyuta isifikie jibu, basi andika mapema kwamba ikigoma utatumia ya namba mbili, moja ya ndani ya duru na moja ya kati ya duru. Na usijifiche nyuma ya standadi era za robasti (zinazokadiriwa bila kutegemea modeli ya kufanana uliyochagua), klasta zikiwa chini ya 40 hivi zenyewe zinatoka ndogo mpaka uzisahihishe. Kwenye programu ya takwimu ya SAS, PROC MIXED inakupa kupungua pamoja na masahihisho ya Kenward na Roger ya klasta chache, kwenye programu ya R kifurushi cha glmmTMB kinakadiria huko kupungua.

Kabla hujarudi kwa msimamizi, omba ruhusa uangalie madaftari ya presha ya mwaka jana ya zahanati hizo hizo, kadiria korelesheni ya robo mwaka moja na ya robo mbili zilizoachana, halafu mpelekee hizo namba.