Feni za kadi ya grafiki zinavuma kompyuta ikiwa imetulia? Soma namba kwanza

Feni za kadi ya grafiki zikianza kuvuma wakati umefungua ukurasa mmoja tu wa maandishi, wengi wetu hukimbilia bisibisi. Nakusihi uanze na namba. Pakua GPU-Z, programu ndogo ya bure, fungua ukurasa wake wa Sensors, iache kompyuta itulie dakika kumi hivi, kisha soma joto la chipu, kasi ya feni, kasi ya memori na asilimia ya kazi. Humo ndimo utakamojua kama tatizo ni joto au ni feni zenyewe, na dawa zake hazifanani.

Kadi nyingi za miaka ya karibuni huzima feni kabisa mpaka chipu ifike nyuzi 50 au 60 hivi. Kwa hiyo kadi yenye nyuzi 40 huku feni zinanguruma haihitaji kusafishwa. Angalia kama kuna programu ya kurekebisha kasi ya feni, mfano MSI Afterburner, iliyoachwa imeshikilia kasi moja. Sakinisha upya draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo pembeni ya kuchagua kati ya ukimya na nguvu. Watu wengi wanaimiliki bila kujua ipo. Yote hayo yakishindwa, kagua plagi ya feni, kwa sababu waya unaopeleka amri ya kasi ukikatika, feni huweza kukimbia mpaka mwisho.

Joto likiwa juu, jiulize kama kadi imetulia kweli. Kwangu mimi chanzo kilikuwa skrini mbili, moja ya hezi 144 (mara inazochora picha upya kwa sekunde) na nyingine ya 60. Asilimia ya kazi ilikuwa karibu na sifuri, lakini memori ilibaki kwenye kasi ya juu bila kushuka, na kadi ikala umeme na kupata joto bure. Niliishusha ile ya 144 hadi 120 kwenye mipangilio ya Windows, memori ikalala, feni zikasimama. Sikugusa hata skrubu moja. Kama unatumia kadi ya NVIDIA, hakikisha pia mpangilio wa umeme kwenye programu yake ya mipangilio, NVIDIA Control Panel, haujawekwa nguvu ya juu muda wote.

Kuna jingine ninaloliogopa zaidi: programu za wizi zinazochimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kadi yako. Huja na michezo na programu zilizovunjwa kufuli, ambazo huku kwetu tunapeana kwa flashi kama karanga. Baadhi yake hujificha pale tu unapofungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Ukiona umeifungua na kelele zikakatika, ukaifunga na zikarudi, usipuuze. Washa GPU-Z irekodi kwenye faili huku umeondoka mezani, kisha usome. Kazi ikionekana imepanda hadi 90 au 100 wakati hukuwepo, hifadhi nyaraka zako na usakinishe Windows upya. Mimi siamini kufuta faili moja moja.

Feni zinazowaka na kuzima kila baada ya muda mfupi ni habari nyingine. Chumbani Dar es Salaam mwezi wa Februari hewa yenyewe inaweza kuwa nyuzi 32, basi kadi hukaa ukingoni pa kiwango cha kuwasha feni. Weka kasi ya feni ya kudumu ya asilimia 30 kwenye Afterburner. Mvumo mdogo usiokatika hausumbui kama ule wa kushtukiza.

Ukifika kwenye vumbi, zima umeme, tumia brashi laini na blowa, na shikilia mapanga ya feni yasizunguke. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea, ibadilishwe tu kama baada ya usafi chipu bado inachemka. Pedi za memori, vile vipande laini vinavyopeleka joto la memori kwenye chuma hicho, ukizibadilisha, unene uwe uleule, la sivyo chuma cha kupozea hakitaigusa chipu sawasawa.

Sauti ya kukwaruza ni beringi. Mafuta huituliza kwa muda tu, nunua feni nyingine. Nenda dukani na namba ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma, maana kipenyo kinaweza kulingana na plagi ikakataa.